Ilimba haitaki kusafishwa

Bonyeza chuma kimoja cha ala ya ilimba kwa kidole gumba, kiachie kilie, kisha papo hapo kizime kwa kidole kingine. Kwenye gita ukifanya hivyo unabaki na kimya. Kwenye ilimba iliyopangwa vizuri sauti haikatiki. Inabaki nyembamba, kama mtu anaimba chumba cha pili. Haitoki kwenye chuma ulichokizima, inatoka kwenye vyuma ambavyo hakuna aliyevigusa. Na wakati chuma chako kilipokuwa kinalia, juu yake ulisikia mvumo wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Wanamuziki wengi hunaswa hapo hapo. Ajabu ni kwamba mtu akishanaswa, akapata ilimba yake, kazi ya kwanza anayoifanya ni kuiondolea kilekile kilichomnasa. Mvumo anauona kasoro, anabandua utando mwembamba wa juu ya tundu la sanduku unaouleta. Vyuma visivyopigwa anaviona mzigo, anaving'oa. Noti anazipeleka kwenye programu ya simu hadi taa iwe ya kijani. Mwisho anabaki na kalimba ya dukani, ila kubwa zaidi na nzito zaidi.

Kwa asiyeijua: ilimba ni marimba ya mkono ya Wagogo wa Dodoma. Ni sanduku la mbao lenye vyuma bapa vilivyobanwa upande mmoja, linapigwa kwa vidole gumba viwili. Ndugu zake wako kila mahali, likembe Kongo, kalimba Zambia, mbira Zimbabwe, na hapa pwani marimba ndogondogo za vyuma vichache. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ala na nyimbo, Wagogo wakiwemo, na mwaka 1954 akafungua karakana Afrika Kusini iliyoanza kutengeneza kalimba za kuuza duniani. Mbao anazozisifia mnunuzi wa kalimba zile kwa jina la kiaat ni mninga wetu, mti uleule unaotengenezewa vitanda Tabora.

Ila aliyeifanya ilimba ijulikane mbali ni Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma mwaka 1938, akaitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere baada ya uhuru, na baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Lebo ya Real World ya Uingereza ilimrekodi zaidi ya mara moja. Mwaka 2002 alitoa kazi na mpiga gita Michael Brook, na mwaka huohuo yeye na Charles Zawose wakapanda jukwaani kwenye ziara ya Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2005 akaja Mmarekani Béla Fleck na banjo yake, akarekodi na familia ya Zawose na pia na Anania Ngoliga, kipofu ambaye vidole gumba vyake vinaona kuliko macho ya wengi. Siku hizi binti wa Hukwe, Pendo, na mjukuu wake Leah wanazunguka majukwaa kwa jina la The Zawose Queens.

Hayo ya historia yanatosha. Twende kwenye sanduku.

Hesabu iliyo ndani ya noti

Kila waya unaolia una sauti nyingi ndani yake. Iko ya msingi, iko yenye mitetemo mara mbili yake, ya mara tatu, ya mara nne, na kuendelea juu. Wagogo wanaimba na kupanga ala zao kwa kufuata ngazi hiyo. Noti tano za ilimba ni daraja la 6, 7, 8, 9 na 10. Ukifika la 12 umerudi kwenye 6, oktavu moja juu, yaani noti ileile kwa mitetemo mara mbili.

Tuseme daraja la 8 ni G ya chini, mitetemo 196 kwa sekunde. Noti zako zitakuwa 147, 171.5, 196, 220.5, 245, kisha 294. Toa kila moja kwenye inayofuata: inabaki 24.5 ileile, hadi hatua ya mwisho ambako inabaki 49, yaani mbili zake. Hizi namba hazikupatikana kwa kukisia. Oktavu mbili juu tofauti ya jirani na jirani inakuwa 98, na ukivipiga vyuma viwili vya jirani kwa nguvu sikio lenyewe linatunga besi ya 98 ambayo haipo kwenye sanduku. Ndiyo maana ilimba isiyo na vyuma vikubwa sana bado inasikika ina kifua.

Sasa linganisha na kinanda. Noti ya 147 na ya 220.5 zinakaribiana kabisa na D na A za kinanda. Noti ya 245 iko senti 14 chini ya B (senti hapa ni nusu toni iliyogawanywa mara 100, si hela). Na ile ya 171.5, daraja la 7, iko senti 31 chini ya F. Karibu theluthi moja ya nusu toni. Programu ya simu itakuambia chuma hicho kimeshuka, na ukiiamini utakipandisha hadi 174.6, na hapo ndipo ilimba inapokufa. Hautasikia kosa ukipiga chuma kimoja kimoja. Utalisikia ukipiga vitatu pamoja: badala ya sauti kusimama kama jiwe, inatikisika wa-wa-wa.

Wapiga gita wanajidanganya hapa kwa sababu ya kodi ya G7 (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Noti zake, G, B, D na F, ndizo madaraja ya 8, 10, 12 na 14 ya ngazi hiyohiyo, ila kwa kukadiria. Mtu anaipiga, anasikia inaelekea kufanana, anadhani amefika. Kumbe B yake imezidi, F yake imezidi zaidi, na kodi yake inataka kwenda C. Noti za Kigogo haziendi popote. Zimetulia zilipo, na wimbo unaweza kukaa juu yake saa nzima.

Sanduku na vyuma

Njia ya zamani ni gogo moja lililochongwa kwa tezo na patasi, likatolewa tumbo, kisha likafunikwa ubao. Mafundi wa mjini siku hizi huunganisha mbao kwa gundi. Yote mawili yanafaa, ila ubao uwe umekauka. Ubao wa inchi 1 unahitaji karibu mwaka mzima kivulini, si juani, na ncha zake zipakwe rangi au nta zisipasuke. Ubao mbichi utaonekana mzuri siku ya kwanza. Baada ya miezi michache unajikunja, daraja (ufito ambao vyuma vinalalia, si daraja la noti) linakaa upande, na vyuma vya upande mmoja vinaanza kukwaruza.

Kwa ilimba ya ukubwa wa kati, urefu wa sm 35, upana wa sm 22 na kina cha sm 8 ni vipimo visivyokusumbua. Kuta ziwe mm 8. Ubao wa juu ndio wa kuangalia: mm 4 hadi 5. Ukiuacha mm 7, vyuma vya besi vitasikika kama unagonga mlango. Ukiupunguza chini ya mm 3, utabonyea chini ya daraja, kwa sababu vyuma 40 vilivyokazwa vinakandamiza kwa nguvu ambayo mtu asiyewahi kuvifunga haamini. Weka kipande cha mbao ngumu ndani, sambamba na daraja, kikiwa chini yake kabisa.

Vyuma. Hapa kila fundi ana dini yake. Msumari wa inchi 4 unatosha kwa noti za kati, wa inchi 6 kwa besi. Chuma cha mwavuli kinafaa kwa noti za juu kabisa. Spoku ya baiskeli ni nzuri ila ni nyembamba mno kwa ulimi mpana. Msumari una faida moja kubwa: ni laini, unafulika. Uweke juu ya fuawe au kipande cha reli, ugonge ukiwa wa baridi hadi upana ufike mm 7 au 8 kwenye ncha na unene ubaki kama mm 1.3. Kugonga huko kwa baridi ndiko kunakoupa ukakamavu, kama waya unavyokuwa mgumu ukiukunja mara nyingi. Ukianza kupasuka kingo, upashe moto hadi uwe mwekundu, uache upoe wenyewe, uendelee. Lakini gonga la mwisho liwe la baridi. Chuma kilichopashwa moto kikaachwa hivyo hakina springi, kinalia tup na kunyamaza, na ukikibonyeza sana kinabaki kimeinama.

Ilimba ndogo ina vyuma thelathini na kitu. Kubwa za Bagamoyo zimepita 60. Mpangilio wa vyuma hutofautiana kati ya fundi na fundi, kwa hiyo ukipewa ilimba ya mtu, chora ramani yake kwenye karatasi kabla hujagusa chochote.

Vyuma vinashikwa na vitu vitatu. Nyuma kuna kizuizi cha mbao ngumu, mpingo ukiupata. Mbele kuna daraja, ufito wa chuma wa mm 6. Katikati kuna ufito mwingine unaovikandamiza chini, nao umefungwa kwa waya unaopenya ubao. Kati ya kizuizi na daraja acha sm 3 hadi 4. Kosa la kawaida kuliko yote liko kwenye waya: watu wanafunga sehemu tatu tu, mwanzo, kati na mwisho. Ufito unapinda juu baina ya mafundo, na vyuma vya hapo vinateleza kila ukipiga. Funga kila baada ya vyuma vitatu au vinne. Na usitumie waya wa kufungia nondo, ni laini mno, utalegea ndani ya wiki. Waya wa senyenge wa mm 2, au spoku iliyokunjwa, unashika.

Ncha za vyuma ziinuke kutoka kwenye ubao kiasi cha sm 1.5. Zikiwa chini zaidi kidole kitagonga ubao, zikiwa juu zaidi kitachoka. Kingo za ncha zipitishwe tupa na msasa hadi zisikwangue ngozi, maana wimbo mmoja wa Kigogo unaweza kudai mamia ya mapigo kwa kidole kimoja.

Vyuma vya kuitikia

Kwenye ilimba kubwa kuna vyuma ambavyo mpigaji havipigi. Vimekaa kando au juu, mfupi kwa mrefu, na mgeni akiuliza vya nini, jibu rahisi ni: vya kuitikia, kama watu wa kiitikio kwenye ngoma. Chuma kinachopigwa kinatikisa daraja, daraja linatikisa vyote, na kile chenye mtetemo ule ule kinaamka.

Chuma hakiamki kwa kukaribiana, kinaamka kwa kulingana. Ulimi wa chuma ni mchaguzi sana, ukipotoka hata kidogo unaitikia hafifu au unakaa kimya. Kwa hiyo vyuma hivi, ambavyo watu wanaviacha bila kuvilinganisha kwa sababu havipigwi, ndivyo vinavyotaka umakini kuliko vingine. Jaribio ni lile la mwanzo: piga, zima, sikiliza. Noti ambayo haiachi kivuli, mwitikiaji wake amepotoka. Kama noti zote haziachi kivuli, angalia kutu chini ya vyuma kwenye daraja, au mtu aliyeweka kitambaa au raba hapo "ili isikwaruze". Raba inameza kila kitu.

Na hapa ndipo utaona kwa nini hesabu ya 6, 7, 8, 9, 10 haikubali kuguswa peke yake. Ukipandisha daraja la 7 kwenye vyuma vya kupiga tu ili lifanane na kinanda, waitikiaji wake wanalala.

Kulinganisha sauti

Kanuni moja inatawala: mtetemo huenda kinyume na mraba wa urefu, yaani urefu ukipungua nusu, mtetemo unapanda mara nne. Chuma kikiwa na urefu wa mm 50 kuanzia daraja hadi ncha, oktavu yake ya juu, kwa unene uleule, ni karibu mm 35, siyo 25. Hatua ya kutoka 8 hadi 9 ni kukipunguza mm 3 hivi. Na zile senti 31 zinazotenganisha daraja la 7 na F ya kinanda ni chini ya nusu milimita. Nusu milimita! Ndiyo maana usivute chuma kwa koleo. Kigonge. Ukitaka kupandisha sauti, gonga ncha kuelekea nyuma kwa nyundo ndogo. Ukitaka kushusha, gonga kitako kuelekea mbele. Mapigo mepesi mawili, sikiliza, mapigo mawili tena.

Chuma kikigoma kushuka tena kwa sababu urefu umeisha, kuna njia mbili. Punguza unene wake kwa tupa karibu na daraja, sauti itashuka kwa sababu kinalegea. Au bandika tone la nta chini ya ncha, sauti itashuka kwa sababu ya uzito, na njia hii ina uzuri wake kwamba ukijuta unabandua. Ukipunguza kwa tupa kwenye ncha, kinyume chake, sauti inapanda. Wanaochanganya haya mawili huishia na chuma chembamba kila mahali, kisicho na sauti ya maana.

Anza na daraja la 8 la chini. Peleka kwenye oktavu zake zote. Kisha 12 juu ya 8, hiyo sikio linaikubali upesi, na uishushe oktavu upate 6. Kutoka 6 upate 9 kwa njia hiyohiyo. Halafu 10 juu ya 8: shusha taratibu kutoka noti ya kinanda hadi mawimbi ya wa-wa yapungue na kusimama. Daraja la 7 liwe la mwisho, na ulilinganishe ukiwa unapiga 6 na 8 pamoja nalo. Kama una programu ya simu inayoonyesha mitetemo kwa namba, itumie kwa namba zile za juu, zidisha na gawanya kwa mbili. Ila ile inayoonyesha jina la noti na taa ya kijani, izime. Ukimaliza iache ilimba siku nzima bila kupigwa, kisha rudia. Vyuma vipya hukaa.

Kuna noti moja kwenye karibu kila sanduku italia kwa kishindo na kufa haraka. Usiilaumu chuma. Hewa ya ndani ya sanduku ina noti yake, na chuma kinacholingana nayo kinanyonywa nguvu zote kwa mkupuo. Kupanua tundu la sauti kidogo kunapandisha noti ya hewa na kuisogeza ikae baina ya vyuma viwili. Kidogo maana yake milimita moja, upime, kwa sababu tundu halirudi.

Utando

Sasa nyuki. Ulimi wa chuma peke yake una sauti kavu. Sauti yake ya pili haiko kwenye mara mbili kama ya waya, iko mbali juu, takriban mara sita, wala haiingii sawasawa kwenye ngazi. Kati ya sauti ya msingi na hiyo ya pili kuna pengo tupu. Utando unaobandikwa juu ya tundu la sanduku ndio unaolijaza. Hewa ya ndani inausukuma na kuuvuta, na kwa kuwa ni mwembamba na umelegea kidogo, haufuati kwa upole, unapigapiga, na kila kupigapiga kunazaa mara mbili, mara tatu, mara nne ya noti ileile. Yaani utando unairudishia ilimba ngazi ambayo noti zake zilitoka. Ukiubandua, umeondoa nusu ya ala.

Unaupata ukutani. Kuna buibui anayetagia mayai chini ya kigamba cheupe, mviringo, bapa, kilichogandamana na ukuta kama karatasi iliyobandikwa, upana wa sarafu. Angalia nyuma ya milango, stoo, chooni cha nje, chini ya picha zilizotundikwa muda mrefu. Chukua ambacho watoto wameshatoka. Kina tundu dogo pembeni na ndani hamna kitu. Pitisha wembe kuzunguka ukingo, ukibandue polepole, kipulize, uondoe nyuzi za pamba zilizobaki ndani. Unataka ile tabaka laini ya juu inayong'aa kidogo kwenye mwanga.

Tundu la mm 10 hadi 15 linatosha. Lizungushie ukingo wa nta ya nyuki unene wa njiti ya kiberiti, ili utando usilale juu ya ubao wenyewe. Weka utando, kisha pasha msumari na uupitishe kwenye nta ukingoni, ushike. Ukikazwa sana hautalia, au utapiga mluzi kwenye noti za juu tu. Ukilegea sana utapapatika kwenye besi kama bendera mbovu na kunyamaza kwenye noti laini. Kabla nta haijapoa, weka mdomo karibu, sm 5, uimbe mmmm bila nguvu, ukipanda na kushuka. Unapaswa kuvuma kila mahali, na uanze kuvuma ungali unanong'ona.

Vya kubadilisha vipo. Karatasi ya kusokotea sigara inafanya kazi siku kavu. Ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu inafanya kazi vizuri hadi ikauke na kupasuka. Mfuko wa plastiki ule mwepesi ulikuwa mzuri kuliko yote kwa kudumu, ila tangu Juni 2019 serikali iliupiga marufuku Tanzania, na mifuko iliyobaki ya kufungashia ni migumu mno. Buibui hajapigwa marufuku bado.

Mvumo wa utando usichanganywe na mkwaruzo wa kosa. Funika tundu la utando kwa kiganja, piga. Mvumo ukikoma, ulikuwa halali. Ukiendelea, kandamiza chuma kwa kidole mahali kinapogusa daraja: ukikoma sasa, chini ya chuma kuna mwinuko wa tupa au kimekaa upande, kigeuze, kisawazishe. Ukiendelea bado, gonga kuta za sanduku kwa kidole, kuna mahali gundi imeachia.

Safari, pwani na studio

Dodoma ni juu na kukavu, mvua ni za msimu mmoja. Bagamoyo ni chumvi na jasho. Ilimba iliyoshuka kutoka kule hadi huku inavimba: ubao unapanda, vyuma vinakazwa, noti zinahama. Ipe siku tatu au nne kabla ya kuilinganisha upya, vinginevyo utaifanya kazi mara mbili. Anayeipeleka Ulaya wakati wa baridi ana shida ya kinyume, chumba chenye hita kinakausha ubao hadi upasuke ukingoni. Iache ndani ya begi lake, mbali na hita. Kutu futa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana jasho la kidole ndilo adui. Mafuta ya cherehani kidogo kwenye ncha yanafaa. Kwenye daraja hapana: chuma chenye mafuta hapo kinateleza.

Wanaopiga pamoja na gita wana njia iliyo rahisi kuliko wanavyodhani. Gita libaki kwenye D, G na A, na liiachie ilimba peke yake zile noti mbili zinazogombana. Kama lazima gita lipige daraja la 7, libonyeze E na kuvuta waya hadi sauti ipande karibu theluthi mbili za nusu toni. Zeze na fidla hazina shida, hazina vikwazo vya shingoni. Kinanda cha kisasa kinachoruhusu kubadilisha noti moja moja kiwekewe F chini senti 31 na B chini senti 14, mchezo umekwisha. Na kama ilimba ya mwenyeji haiko kwenye G bali iko kati ya noti mbili, gita ndilo lijilinganishe nayo. Kuna vyuma 40 upande mmoja na nyuzi sita upande mwingine, hesabu haihitaji mjadala.

Studio ndiko inakouawa zaidi. Maiki ya kubandika kwenye ubao inasikia vyuma tu, kwa sababu utando hautikisi mbao, unatikisa hewa. Weka maiki ya kawaida sm 30 hadi 40 mbele, imeelekezwa kati ya daraja na tundu la utando. Programu ya kuondoa kelele isiguse faili hiyo kabisa: inaukuta mvumo, inauona kama shoti ya umeme, inaufuta. Fundi mitambo atataka pia kupunguza sauti za juu "ili isichome". Mwambie asubiri wimbo uimbwe kwanza. Mvumo huo na koo za waimbaji wa Kigogo zinakaa pamoja, na ukipunguza kimoja kingine kinabaki uchi.

Utando hupasuka jukwaani, karibu kila mara wakati wa kupima sauti, kwa kidole cha mtu aliyeuliza "hiki nini?" Beba vitatu vya akiba, vimelala bapa katikati ya kurasa za daftari, nta kwenye kiberiti kitupu, na msumari mmoja. Kubadilisha huchukua dakika kumi, na dakika tano kati ya hizo ni za nta kupoa.